Kisu cha kuchorea mbao kutokana na tupa kuukuu

Chukua kipande cha saipresi kilichopigwa randa, weka skwea (rula ya fundi yenye pembe mraba) juu yake, piga mstari mmoja kwa penseli. Sogeza skwea kidogo, piga mwingine kwa ncha ya kisu kikali. Sasa inama mpaka jicho likaribie ubao. Mstari wa penseli ni kama barabara ya vumbi: una ukingo wa kushoto na ukingo wa kulia, na katikati chembe za kijivu zimekaa juu ya nyuzi za mti. Upana wake ni kama nusu milimita. Ukishika msumeno, utakata ukingo upi? Mstari wa kisu hauna katikati. Upande mmoja ni ukuta uliosimama wima, upande wa pili ni mteremko, na nyuzi zimekwisha kukatika. Patasi ukiiweka hapo inakaa, haitelezi.

Mimi nilionyeshwa hayo na fundi mmoja mzee wa Ngong Road, Nairobi. Nilikuwa nimeunda droo nne za kabati la mteja, na kila pembe ilikuwa na mwanya niliouziba kwa unga wa msumeno na gundi. Mzee hakunikemea. Alipitisha ukucha kwenye mwanya mmoja, akauliza, "Kijana, hapa ulichora na nini?"

"Na penseli, mzee."

Akatoa kisu kifupi kwenye mfuko wa aproni yake. "Kaa nacho mpaka kesho."

Kesho yake nilikirudisha, na jioni hiyo hiyo nikaanza kutafuta tupa ya kutengenezea changu. Tangu hapo nimetengeneza vingi, na hii ndiyo njia niliyobaki nayo. Haihitaji karakana kubwa. Inahitaji jiko la makaa, jiriwa (hapa kwetu wengi husema vaisi), tupa mbili nzima za kufanyia kazi, hakso (msumeno wa chuma), drili, na subira ya siku tatu nne.

Chuma chenyewe

Tupa hutengenezwa kwa chuma chenye kaboni nyingi, asilimia moja hivi au zaidi kidogo. Kaboni hiyo ndiyo inayokiwezesha chuma kuwa kigumu ukikipasha moto kisha ukakizamisha ghafla. Vyuma vya geti na madirisha havina kaboni ya kutosha. Unaweza kuvinoa vikanyoa nywele za mkono, lakini ncha itapinda kwenye ubao wa kwanza.

Tafuta tupa bapa ya inchi 6. Ya inchi 10 ni nene mno, na utatoka jasho bure ukiipunguza. Pekua kwenye marundo ya Gikomba au kwa wauza vyuma chakavu wa Kariobangi. Tupa iliyokwisha meno huuzwa bei ya chai na andazi. Ukiona imepigwa chapa ya Sheffield, ichukue. Sheffield ni mji wa Uingereza, na karibu nao ndiko mtengeneza saa Benjamin Huntsman, katika miaka ya 1740, alikohangaika kupata chuma safi cha springi za saa mpaka akagundua namna ya kukiyeyusha ndani ya vyungu vya udongo. Sifa ya tupa na patasi za mji huo ilijengwa juu ya chuma hicho.

Kuna tupa za bei rahisi ambazo ngozi ya nje ni ngumu na ndani ni chuma laini. Hizo hazifai hata kidogo. Namna ya kujua ni kuvunja. Bana tupa kwenye jiriwa, acha sentimita mbili za mwisho nje, zifunike kwa kitambaa kizito, vaa miwani ya kazi, kisha gonga kwa nyundo. Ikikatika papo hapo kama biskuti, na ndani ni kijivu chenye chembe ndogo ndogo zinazofanana toka ukingo hadi ukingo, umepata. Ikipinda kwanza, iache.

Anayeishi kwenye flati asiyeweza kuwasha moto wa makaa atafute bledi kuukuu ya zile mashine kubwa za kukatia vyuma zinazotumika Industrial Area, siyo bledi nyembamba ya hakso ya mkono. Zile za kizamani ni ngumu zote, toka meno hadi mgongo, unene wake ni milimita mbili hivi, na ugumu wake haupotei ukiisaga kwa grainda ikapata joto. Jaribu tupa mgongoni mwake. Ikiteleza, bledi inafaa. Ikiuma, hiyo ni ya kuunganishwa, meno magumu na mgongo laini, na haina kazi hapa. Ukienda kwa njia hiyo, ruka habari zote za moto. Mengine ni yale yale, ila umbo na miteremko utaitoa kwa grainda, maana tupa, hakso na drili haziumi chuma hicho, na mpini utashikwa na gundi pekee.

Kuilainisha

Tupa kama ilivyo haikatiki kwa hakso, kwa hiyo kwanza inalainishwa. Iweke katikati ya makaa yaliyoshika vizuri, pepea mpaka yote iwe nyekundu, kisha ichomeke haraka ndani ya debe la jivu kavu na uifunike kabisa. Usiiguse mpaka asubuhi. Inachotaka ni kupoa polepole, na kadiri inavyochelewa ndivyo inavyolainika. Asubuhi jaribu kwa tupa nzima. Ikiuma kama inavyouma msumari, uko tayari.

Neno moja kuhusu moto: usiingize ndani yake waya, koleo au mkebe wa mabati. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kuumiza kifua. Fanyia kazi hiyo nje.

Umbo

Saga meno ya tupa pande zote mbili mpaka chuma kiwe laini na cheupe. Kisha amua ncha. Kuna visu vyenye makali upande mmoja tu, na hivyo unahitaji viwili, cha kushoto na cha kulia. Mimi napenda ncha ya mkuki: upande mmoja wa kisu ni bapa tupu, na upande wa pili una miteremko miwili inayokutana katikati. Kisu kimoja kinafanya kazi pande zote mbili za skwea, na mtu wa mkono wa kushoto haulizi cha kwake kiko wapi.

Vipimo vyangu: urefu wote sentimita 16, upana milimita 15, unene milimita 2 hadi 3. Ncha iwe na pembe ya digrii 60. Azima seti ya jometri ya mtoto wa shule. Ile pembetatu ndefu ya plastiki ina digrii 30 kwenye kona moja. Ilaze upande huu wa mstari wa katikati, chora, igeuze upande ule, chora tena, na digrii 60 zako zimepatikana. Kata kwa hakso nje ya mstari, malizia kwa tupa.

Miteremko ya makali ndiyo kazi ya polepole. Bana kisu kikiwa kimelala, shika tupa kwa mikono miwili, sukuma kwa pembe ya digrii 25 hadi 30, na usiyumbishe viwiko. Usifikishe makali kwenye ukali sasa. Acha ukingo wenye unene wa kadi ya laini ya simu, maana makali membamba yakiingia motoni huungua, hupinda au hupasuka.

Toboa matundu mawili ya mpini wakati huu chuma kikiwa laini. Ukisahau, baadaye utaharibu biti moja baada ya nyingine. Ukubwa wa tundu ulingane na fito za shaba utakazotumia. Mimi hutumia zile za kuchomelea shaba, za milimita 3 hivi.

Moto wa pili

Hapa ndipo kisu kinapozaliwa au kuharibika, kwa hiyo andaa kila kitu kabla ya kuwasha. Unahitaji mkebe mrefu wa chuma wenye lita moja ya mafuta ya kupikia, na mfuniko wa kuziba mafuta yakishika moto. Usitumie chombo cha plastiki, wala oili ya gari iliyotumika, kwani moshi wake ni sumu. Pasha mafuta yawe na joto la maji ya kuoga. Mafuta baridi ni mazito na hayafyonzi joto upesi. Tayarisha pia sumaku kutoka kwenye spika mbovu, uifunge kwenye waya.

Nangoja mpaka saa kumi na mbili na nusu jioni. Juani chuma chekundu huonekana cheusi, nawe utakipasha kupita kiasi bila kujua. Giza likianza kuingia, rangi husema ukweli. Kwanza utaona wekundu wa damu iliyoganda, kisha wekundu wa buni iliyoiva mtini. Gusisha sumaku. Kama bado inavuta, rudisha kisu kwenye makaa. Chuma kikifika kati ya digrii 730 na 770 za Selsiasi, sumaku haikishiki tena, na hapo unakiacha kidogo tu, rangi iongezeke kwa kiasi cha kuonekana. Kichukue bila kusita, kizamishe kwenye mafuta ncha ikitangulia, wima kabisa, ukikipandisha na kukishusha. Usikikoroge kwenda kando, kitapinda kama ndizi.

Kisu changu cha kwanza nilikizamisha kwenye ndoo ya maji. Nilisikia mlio mdogo, kama kijiti cha kiberiti kikivunjika, nikaupuuza. Siku tatu baadaye, katikati ya ubao wa mninga, ncha ilibaki ndani ya mti, na mahali ilipokatikia palikuwa na ufa mweusi, wa tangu siku ile. Maji hupoza haraka mno kwa kipande chembamba cha tupa. Mafuta yanatosha.

Kikishapoa, jaribu tupa kwenye ukingo. Inatakiwa iteleze kama ukucha juu ya kioo. Ikiuma, rudia moto.

Usiyetaka shughuli hii nyumbani, nenda Kamukunji. Utasikia nyundo kabla hujaona mabanda. Wengi pale wanaunda masanduku ya wanafunzi, sufuria na majiko, lakini uliza na utaelekezwa kwa mwenye tanuri la kufulia chuma. Muombe vizuri: "Mzee, hiki kisifuliwe. Kipashwe tu mpaka sumaku ikikatae, kisha nikizamishe mwenyewe." Ukiacha bila kusema hivyo, atakipiga nyundo kwa nia njema, na ule upande wa bapa umekwisha.

Kukipunguzia ugumu

Sasa kisu ni kigumu kama chupa, na kikianguka sakafuni kinaweza kukatika kama chupa. Kisugue kwa msasa mpaka king'ae, kisha kiweke kwenye oveni ya digrii 200 kwa saa moja. Kitoe kipoe, kirudishe saa moja tena. Stima ikipotea katikati, si hasara. Anza upya ikirudi.

Bila oveni, tumia macho. Pasha kipande kinene cha chuma mpaka kiwe chekundu, kitoe, ulaze juu yake mkia wa kisu, ncha ikiwa hewani. Baada ya muda utaona rangi zikitembea kutoka mkiani: buluu mbele ya chuma cha moto, mbele yake zambarau, mbele yake kahawia, na mbele ya zote manjano hafifu kama majani makavu ya Januari. Zinakwenda pole pole, halafu ghafla zinakimbia. Manjano hiyo ikigusa ncha, tia maji papo hapo. Kahawia ikifika, umechelewa kidogo. Kisu hiki hakipigwi nyundo wala hakibanjui kitu, kwa hiyo kinavumilia ugumu kuliko patasi, na ndiyo sababu naishia kwenye manjano.

Bapa

Mtu akiniuliza ni wapi asiharakishe, namjibu ni hapa. Bapa ndilo linaloegemea skwea. Likiwa na mviringo hata wa kiasi cha unywele, ncha itasimama mbali na skwea, na mstari utakuwa umehama kabla hujaanza kukata. Nimeona visu vya dukani vinavyong'aa sana vikiwa na bapa kama mgongo wa kijiko. Ving'ae visivyong'ae, havichori.

Tafuta kioo kinene cha dirisha au kipande cha granaiti kilichopigwa polishi. Kinyunyizie maji, laza msasa wa maji namba 240 juu yake nao utanata. Paka bapa lote wino wa kalamu ya maka. Bonyeza vidole viwili karibu na ncha, sugua mara kumi, inua, tazama. Wino umetoka wapi? Kwa kawaida hutoka kwenye kingo na kubaki katikati, maana chuma hujikunja kidogo kwenye mafuta. Paka tena, sugua tena. Huhitaji kunyoosha kisu kizima, sentimita mbili na nusu za mbele zinatosha. Lakini hizo ziwe bapa kweli, wino utoke wote kwa mpigo mmoja. Usiinue mkia hata kidogo "ili umalize upesi". Kuinua huko kunazungusha makali, na itakubidi urudi mwanzo.

Tupa yangu ya mwisho ilinichukua karibu saa mbili kwenye namba 240 pekee. Baada ya hapo 400, 800, 1200 na 2000 zilikuwa dakika tano tano. Mwishowe niliweza kuona kwenye bapa waya wa stima uliopita nje ya dirisha, umenyooka bila kuvunjika.

Ndipo unoe miteremko. Laza mteremko wote kwenye msasa, vuta kwa kwenda nyuma, mpaka upapase bapa kwa kidole na usikie uzi mwembamba wa chuma umejikunja upande huo. Geuza, laza bapa kabisa, sugua mara mbili tatu, uzi uondoke. Fanya hivyo kila upande, ukipanda namba hadi namba. Ukitumia grainda au mashine kuharakisha miteremko, chovya kwenye maji kila baada ya kugusa. Ukiona buluu kwenye ncha ya kisu cha tupa, ugumu umetoka hapo na sehemu hiyo itabidi isagwe yote iishe.

Mpini

Hapa kila mtu na mapenzi yake. Mpingo ni mzuri na mzito. Mimi nimezoea mukau, mti wa Ukambani, wa rangi ya hudhurungi, unaopendeza mkononi na usiosumbua tupa. Mafundi wa samani wana vipande vinavyotupwa jikoni. Omba viwili vya sentimita 12, unene milimita 6 kila kimoja. Kwaruza chuma kwa msasa mkali, kifute kwa spiriti, paka gundi ya epoksi, pitisha fito za shaba, bana kwa wastani. Ukibana kwa nguvu zote gundi itatoka yote nje. Iache mpaka kesho.

Mambo mawili tu nayasisitiza. Acha sentimita 4 za chuma nje, na upande wa bapa uchonge mwanzo wa mpini uwe mteremko, usije ukagonga skwea na kusukuma kisu nje. Na mpini usiwe wa mviringo. Upe pande bapa, kisu kisibingirike mezani na kuangukia ncha, au mguu wako.

Paka mafuta ya linsidi mara mbili tatu, siku tofauti. Mafuta ya nazi hayakauki, yatakuachia mpini wa kunata vumbi. Vitambaa ulivyopakia linsidi vianike vimekunjuliwa nje mpaka vikauke. Vikirundikwa pamoja huweza kupata joto na kuwaka vyenyewe.

Kukitumia

Egemeza bapa kwenye skwea, mteremko ukitazama upande wa mbao itakayotupwa. Mpigo wa kwanza uwe mwepesi, kama unapitisha tu. Wa pili ufuate, wa tatu ubonyeze. Anayebonyeza kwenye mpigo wa kwanza atafuata nyuzi za mti badala ya skwea, hasa kwenye saipresi, ambayo ni laini hapa na ngumu pale. Kwenye mbao nyeusi kama mpingo mstari hauonekani vizuri, kwa hiyo paka chaki na uifute. Itabaki ndani ya mkato.

Penseli usiitupe. Bado naitumia kuandika namba za vipande na kuweka alama upande gani ni uso. Kiungo chenyewe, ulimi na tundu lake, nachora kwa kisu.

Mvua za masika zikianza, kutu huja usiku mmoja. Futa chuma kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ukimaliza kazi, na uichomeke ncha kwenye kizibo cha chupa. Asubuhi, kabla ya mbao ya kwanza, vuta mara tano kila mteremko kwenye namba 2000, kisha bapa mara mbili.